Hamori Inapovunjika: Utatuzi wa Matatizo ya Kuimba Dueti za Kijapani kwenye Karaoke

Watu wanaoimba wawili wawili katika vyumba vya karaoke nchini Japani wana neno moja wanalolitumia kila mara: hamori, yaani sauti inayotembea sambamba na melodi bila kuwa melodi yenyewe. Wanakwaya wetu wangeiita sauti ya pili. Hamori inapovunjika, lawama humwangukia karibu kila mara yule aliyekuwa akiiimba, na kwa uzoefu wangu lawama hiyo mara nyingi huwa imempata asiyehusika. Sauti ya pili haina pengine pa kusimama ila kwenye sauti ya kwanza. Mwimbaji wa melodi akiyumba, akichelewa kwa makusudi, au akibadilisha mapambo yake kila ubeti, mwenzake ataonekana amepotea hata kama noti zake zote zilikuwa sahihi. Ndiyo maana, katika dalili nyingi zilizoelezwa hapa, swali la kwanza ni hili: aliyebeba melodi anafanya nini?

Lipo jaribio moja ambalo ni vema kulifanya kabla ya kutafuta chanzo chochote. Wekeni maikrofoni mezani, simamisheni muziki, kisha imbeni kiitikio kimoja polepole kwa sauti zenu tupu. Tatizo likitoweka, chanzo kiko kwenye mashine, kwenye ufunguo wa wimbo, yaani kimo cha juu au cha chini unachoimbiwa, au kwenye kasi yake. Likibaki, chanzo kiko kwenye sauti zenyewe au kwenye maneno, na hakuna kitufe kitakachoweza kukiondoa.

Dalili: mnaimba dueti, lakini hamori haionekani mahali popote

Si kila dueti ina hamori. Dueti nyingi za zamani za Kijapani zilitungwa kama mazungumzo ya mwanamume na mwanamke. «Ginza no Koi no Monogatari» ya mwaka 1961, iliyoimbwa na Ishihara Yūjirō na Makimura Junko, ni mfano unaojulikana sana: mistari hupokezanwa, na utamu wake uko katika kujibizana. Anayeuchagua wimbo wa namna hiyo akitarajia kuimba sauti mbili kwa pamoja atajikuta ama anasubiri zamu yake, ama anajibandika juu ya mstari wa mwenzake pasipo nafasi.

Wanaotaka hamori hasa watafute kwa waimbaji ambao sauti mbili ndiyo alama yao. The Peanuts, mapacha Itō Emi na Itō Yumi, waliufanya mtindo huo upendwe, na «Koi no Vacance» ya mwaka 1963 bado ni shule nzuri kwa sababu sauti zao ziko karibu karibu. Katika kizazi cha baadaye kuna Yuzu wa Yokohama na Kobukuro wa Osaka, ambao wote walianza kwa kuimba barabarani. Kwa Kobukuro, Kuroda Shunsuke mara nyingi hubeba melodi, huku Kobuchi Kentarō akiimba juu yake. Jambo hili la «juu yake» linastahili kukumbukwa, kwa maana litarudi tena.

Dalili: sauti ya pili inavutwa na kuishia kwenye melodi

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na Wajapani wanalo kitenzi chake maalumu, tsurareru, yaani kuvutwa. Mwimbaji anaanza vizuri, maneno matatu ya kwanza yanakaa, kisha bila yeye kujua anaimba noti zilezile za mwenzake.

Chanzo cha kawaida ni kwamba hamori haijajulikana kama wimbo unaojitegemea. Mtu ameisikia kwenye rekodi ikiwa chini ya melodi, akaizoea kama kivuli, na kivuli hakiwezi kusimama peke yake. Dawa yake inachosha, lakini sijaona nyingine inayofanya kazi: ijifunzeni hamori kama vile ndiyo melodi, muiimbe peke yake tangu mwanzo hadi mwisho wa kiitikio, bila kumsikia mwenzenu, mpaka iweze kuimbwa mtu akiwa anafua nguo. Waliolelewa katika kwaya wana faida hapa, kwa sababu wameshazoea kuandika mstari kwa solfa na kuuimba kwa do, re, mi kabla ya kuuvika maneno. Kazi hiyo ifanywe vilevile kwa Kijapani. Sikilizeni rekodi, andikeni solfa ya sauti ya pili, na tieni alama kila mahali inapoingia na inapotoka.

Chanzo cha pili ni melodi ya mwongozo ambayo mashine huipiga nyuma ya muziki ili kumsaidia mwimbaji. Inamsaidia aliyeshika melodi, lakini kwa aliyeshika hamori ni mvutano mara mbili, mwenzake upande mmoja na mashine upande mwingine. Ipunguzeni sauti au mwizime kabisa kupitia kidude cha kuchagulia nyimbo, ambacho kwenye mashine za DAM huitwa Denmoku na kwenye za JOYSOUND huitwa Kyokunavi. Hata hivyo, ikiwa melodi ya mwongozo ikizimwa mwimbaji wa kwanza naye anapotea, basi chanzo halisi cha tatizo kimepatikana, nacho si sauti ya pili.

Chanzo cha tatu huwashangaza wengi, nacho ni mwimbaji wa melodi anayejipamba kupita kiasi. Katika enka, nyimbo za Kijapani za hisia za mtindo wa kizamani, kuna kobushi, ule mviringo wa sauti kwenye irabu moja ambao masikio yaliyozoea taarabu yatautambua mara moja, na kuna tame, yaani kuizuia noti kidogo ili iangukie nyuma ya mdundo. Mapambo hayo ni uhai wa wimbo wa mtu mmoja. Katika kifungu chenye sauti mbili, huondoa ardhi chini ya miguu ya mwenzako. Kubalianeni kwamba mahali penye hamori melodi itaimbwa wazi, na mapambo yatabaki kwenye beti za mtu mmoja.

Dalili: umbali kati ya sauti haubadiliki, lakini kuna noti zinazokwaruza

Mwimbaji ameambiwa kwamba hamori ni «tatu juu», yaani noti ya tatu ukihesabu kuanzia ile ya melodi, naye amejitahidi kukaa tatu juu, lakini noti fulani fulani zinaumiza sikio. Hapa pana mambo mawili yanayochanganywa.

La kwanza ni kwamba umbali wa tatu si kipimo kimoja. Kutoka do hadi mi kuna nusu toni 4, lakini kutoka re hadi fa kuna 3, kutoka mi hadi so 3, fa hadi la 4, so hadi ti 4, la hadi do 3. Anayeushikilia umbali uleule kila mahali, kama mtu anayebeba fimbo yenye urefu mmoja, atatoka nje ya skeli ya wimbo, yaani ngazi ya noti zake, baada ya noti mbili tu. Fuateni ngazi za skeli, msifuate urefu.

La pili ni kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja na ala chini ya maneno hayo. Chukueni mahali ambapo melodi iko kwenye so na ala zinapiga kodi ya do. Tatu juu ya so ni ti, na ti iko nusu toni moja tu chini ya do inayosikika kwenye ala. Hapo ndipo mkwaruzo unapotokea. Mtunzi mwenye sikio atampandisha mwimbaji wa hamori hadi do, yaani umbali wa nne, kisha kodi ikibadilika atamrudisha kwenye tatu. Kwa hiyo hamori nzuri ya Kijapani, ukiiandika, mara nyingi huwa na melodi rahisi kuliko ile ya kwanza: hubaki kwenye noti moja wakati mwenzake anapanda na kushuka, halafu hujisogeza hatua moja kodi inapobadilika. Mkipata mkwaruzo, msianze kwa kumlaumu mtu. Shikeni noti hiyo, mjaribu hatua moja juu na hatua moja chini, na kwa kawaida mojawapo itakaa.

Nyimbo za kayōkyoku, yaani nyimbo pendwa za Kijapani za zamani, na enka zina jambo la ziada. Nyingi zimejengwa juu ya skeli inayoitwa yonanuki, yaani «iliyoondolewa ya nne na ya saba», ambayo katika umbo lake la meja hubaki na do, re, mi, so, la. Mwimbaji anayetumia tatu za kawaida za kwaya ataingiza fa na ti ambazo melodi haina. Wakati mwingine zinapendeza, lakini mara nyingi zinaubadilisha wimbo ukasikika kama wa kanisani. Jaribuni kubaki ndani ya noti tano: juu ya re wekeni so, juu ya mi wekeni so au la, juu ya la wekeni do. Utaona kwamba umbali wa nne unajitokeza mara nyingi, na ladha ya wimbo inarudi.

Niseme pia jambo linalotuhusu sisi tuliotoka kwenye kwaya. Tumezoea sauti ya kwanza kuwa ndiyo ya juu kabisa, na sauti ya pili kuwa chini yake, ikiimba kila neno tangu mwanzo wa wimbo hadi «Amina». Katika nyimbo nyingi za Kijapani hamori iko juu ya melodi, huitwa ue-hamo, na huja kwa vipande: nusu ya mstari, neno moja la mwisho, kisha inanyamaza. Ile ya chini, shita-hamo, ipo pia, lakini kuidhania kila mahali ni kosa. Aliyezoea kwaya huijaza hamori mahali ambapo mtunzi aliacha wazi, na uwazi huo ndio uliokuwa ukikifanya kiitikio kisikike kimepanuka.

Dalili: mmoja anapiga kelele, mwingine anazama

Hili ni suala la ufunguo, na ndilo linalopuuzwa zaidi ingawa marekebisho yake huchukua sekunde chache. Kila mbonyezo mmoja wa kitufe cha ufunguo hupandisha au kushusha wimbo kwa nusu toni 1.

Anzeni kwa kuangalia kama mko kwenye ufunguo wa rekodi asilia. Mashine za Kijapani huonyesha genkyoku kii, yaani ufunguo asilia, kwa sababu baadhi ya nyimbo hufunguliwa zikiwa zimeshushwa au kupandishwa ili watu wa kawaida waweze kuziimba. Mtu aliyejifunza hamori yake nyumbani kwa kusikiliza rekodi anaingia chumbani, anaanza kwa noti aliyoizoea, na noti hiyo haipo. Hakukosea, wimbo ndio uliohamishwa.

Kama ufunguo ni ule ule na bado mmoja anateseka, tazameni jinsia za sauti. Dueti za mwanamume na mwanamke zilizotungwa hivyo tangu mwanzo huwa zimeshapatanishwa: mwanamume huimba katika sehemu yake ya juu na mwanamke katika sehemu yake ya chini, ili wakutane. Kugusa ufunguo hapo huwa ni kumwokoa mmoja na kumzamisha mwingine, kwa hiyo msizidishe mbonyezo mmoja au miwili.

Kazi ngumu huja pale wimbo wa wanawake wawili unapoimbwa na mwanamke na mwanamume. Chukueni «Lion» ya mwaka 2008, iliyoimbwa na May'n na Nakajima Megumi, ambayo vijana wengi huipenda. Mwanamume akijaribu kuimba hamori mahali pake halisi, atakuwa katika eneo ambalo wanaume wachache hulifikia bila kubana koo. Akishuka oktava moja, yaani kutoka do hadi do ya chini yake, mambo hubadilika kwa namna inayoweza kuhesabiwa. Hamori iliyokuwa tatu juu ya melodi, ikishushwa oktava, huwa umbali wa sita chini yake. Iliyokuwa tatu chini huwa umbali wa kumi chini. Zote mbili ni nzuri sana masikioni, ya kumi hasa, kwa kuwa inaacha nafasi katikati na maneno ya melodi yanasikika wazi. Iliyokuwa nne juu huwa tano chini, nayo husikika tupu kidogo, na msishangae mkiihisi hivyo. Kwa hiyo msikimbilie kitufe cha ufunguo. Kwanza jaribuni kushusha sauti ya pili oktava moja na mwache melodi mahali pake.

Njia nyingine ni kubadilishana nafasi. Haijaandikwa popote kwamba anayejua wimbo zaidi ndiye abebe melodi. Mara nyingi yeye ndiye anayefaa kubeba hamori, na asiyejua sana akabeba melodi ambayo mashine, maneno kwenye skrini na kumbukumbu ya kila mtu chumbani vinamsaidia.

Dalili: noti ni sahihi, lakini maneno hayakutani

Kwa anayezungumza Kiswahili, sehemu hii ina furaha yake. Irabu tano za Kijapani, a, i, u, e, o, ziko karibu sana na zetu, na urefu wa irabu hubeba maana: ojisan ni mjomba au mzee wa makamo, ojiisan ni babu. Anayejua tofauti ya «cho» na «choo» hahitaji kufundishwa jambo hilo kwa muda mrefu.

Matatizo huanzia kwenye mapigo ambayo hayana irabu. Kijapani huhesabu mapigo, na n inayosimama peke yake ni pigo kamili lenye noti yake, kama m ya «mtu» au n ya «nchi» kwetu. Iimbeni kwa muda wake wote, mdomo mkiwa mmeuandaa pamoja, kwa sababu mmoja akiifupisha, irabu inayofuata ya mwenzake itamwacha nyuma. Konsonanti inayorudiwa, kama katika kitto, lenye maana ya «hakika», nayo ni pigo: ki, kimya, to. Kimya hicho ni sehemu ya mdundo. Mwimbaji wa melodi akikijaza kwa kuivuta i, hamori inasikika imekatika, na watu watamcheka aliyenyamaza wakati yeye ndiye aliyeimba sawasawa.

Kuna mambo matatu ya kukubaliana mapema. Je, ei ya kirei itaimbwa kama ee au i itasikika mwishoni? Je, u ya desu itatamkwa au itamezwa? Na noti ndefu ya mwisho itakatwa kwenye pigo la ngapi? La tatu ndilo lenye uzito mkubwa. Chagueni namba, mhesabu moyoni, na mfunge mdomo kwa pamoja. Pia aliyeshika hamori alainishe konsonanti kali kama k, t na s. Ziache zitoke kwa mwimbaji wa melodi, kwa sababu t mbili zilizopishana hata kidogo husikika kama kosa la mdundo.

The Peanuts walikuwa na sauti za kuzaliwa pamoja. Ninyi hamna, kwa hiyo tafuteni ufanano kwenye umbo la irabu. U ya Kijapani haiviringi midomo kama yetu. Mmoja akiiviringa na mwingine akiilegeza, sauti mbili zitakataa kuyeyuka hata zikiwa kwenye noti sahihi kabisa.

Dalili: mnaingia mahali pasipo penu

Angalieni rangi au alama za mwanamume na mwanamke zinazoambatana na maneno kwenye skrini. Kama wimbo haukurekodiwa kama dueti, rangi hizo hazitakuwepo, nanyi mtalazimika kugawana mistari wenyewe kabla ya kubonyeza. Hilo halihitaji maelezo zaidi.

Dalili: sauti zinachanganyikana, zinavuma au alama zinashuka

Mwangwi mwingi humfurahisha mwimbaji wa peke yake kwa sababu huficha kingo za sauti. Katika hamori, noti iliyopita ya mtu wa kwanza huwa bado inaelea wakati noti mpya ya wa pili inafika, na ninyi mnasikia mkwaruzo ambao koo zenu hazikuutoa. Punguzeni mwangwi mpaka maneno yasikike makavu kidogo, kisha pandisheni taratibu.

Uzito wa sauti mbili ufuate kazi yake. Melodi itangulie, hamori iwe nyuma yake kidogo, na njia rahisi ya kulifanya hilo ni umbali wa maikrofoni kutoka mdomoni. Anayeimba sauti ya chini ajihadhari kuigusisha na midomo, kwa kuwa maikrofoni za aina hii huongeza besi chanzo kinapokuwa karibu sana, na sauti ya sita au ya kumi chini hugeuka kuwa ngurumo isiyo na noti.

Mlio mkali wa ghafla unatokana na maikrofoni kusikia spika na kuirudishia sauti yake yenyewe. Wawili wakiimba huku wakitazamana, maikrofoni ya mmoja wao huwa inaielekea spika bila wao kujua. Simameni bega kwa bega, na msikifunike kichwa cha maikrofoni kwa kiganja, kwani kukifunika huifanya isikie kutoka kila upande.

Kuhusu alama, mfumo wa kupima, kama ule wa DAM uitwao Seimitsu Saiten, huchora mistari ya noti kwenye skrini na kulinganisha mnachoimba na mistari hiyo, ambayo kwa kawaida ni melodi. Hamori iliyo sahihi inaweza kuhesabiwa kuwa kosa. Zimeni upimaji siku mnayoimba wawili, au mkubali kwamba namba hiyo haiwapimi ninyi.

Dalili: nyumbani mnachelewana, ingawa chumbani mlikuwa sawa

Msomaji aliyeko Dar es Salaam au Nairobi, anayejifunzia nyimbo hizi kwa simu na spika ya Bluetooth, atakutana na tatizo hili kabla ya mengine yote. Maikrofoni au spika ya Bluetooth huchelewesha sauti, na ucheleweshaji huo mara nyingi huzidi milisekunde 100. Hewani, sauti huchukua takriban milisekunde 30 kusafiri mita 10, kwa hiyo milisekunde 100 ni sawa na kuimba na mtu aliyesimama umbali wa mita 34 hivi. Hakuna hamori inayoshika kwa umbali huo, na kila mmoja atamngoja mwenzake mpaka wimbo uzidi kupungua kasi kuliko muziki wake.

Tumieni waya kutoka kwenye simu hadi kwenye spika, na muimbe bila maikrofoni kabisa, mkiwa mmekaa karibu. Mazoezi ya wawili kwa simu ya video yana kasoro hiyo hiyo. Afadhali mmoja arekodi melodi yake na kuituma, wazi na bila mapambo, kisha mwenzake ajifunze hamori juu ya rekodi hiyo, akisikia melodi kwa sikio moja na sauti yake mwenyewe kwa sikio jingine.